Sura ya Saba: Agadez, Mji Unaoishi kwa Wapitao

Chukua Kenya nzima, tangu Mombasa hadi Lokichoggio, uitandaze juu ya mkoa wa Agadez ulio kaskazini mwa Niger. Itaenea yote na nafasi itabaki. Mkoa huu una kilomita za mraba zipatazo 667,000, zaidi ya nusu ya nchi ya Niger, lakini sensa ya mwaka 2012 ilihesabu humo watu wasiofika nusu milioni. Mwaka huohuo wilaya ya Temeke peke yake, pale Dar es Salaam, ilikuwa na watu zaidi ya mara mbili ya hao.

Wachora ramani huupaka mkoa huo rangi moja ya mchanga, na hapo wanakosea. Katikati ipo milima ya Aïr, miamba mikongwe ya matale iliyochanganyika na mabaki ya volkano, yenye kilele kinachopita mita 2,000 katika safu ya Bagzane. Kule juu mvua hunyesha kidogo, lakini hunyesha. Ikinyesha, makorongo makavu hugeuka mito kwa saa chache, kisha maji huzama kwenye mchanga, yakahifadhiwa chini ambako mtu aweza kuyachimba. Kando ya makorongo hayo kuna bustani za vitunguu, viazi, tende, na kule Timia hata machungwa. Maji hayohayo yana hasira pia: Septemba 2009 mafuriko yaliukumba mji wa Agadez na kuangusha nyumba za udongo kwa mamia, katika nchi ambayo mgeni angedhani haijui neno mafuriko.

Magharibi ya milima ipo Irhazer, uwanda wa udongo wenye chumvichumvi. Mvua zikisha, wafugaji wa Kituareg na Wafulani wa Wodaabe huleta makundi yao karibu na mji wa Ingall ili ng'ombe na ngamia wale majani ya hapo na kunywa maji ya chumvi. Kila Septemba hapo huwa na sherehe, ndoa hufungwa, na wanaume wa Wodaabe hujipamba nyuso wakashindana kwa uzuri mbele ya wanawake.

Mashariki ipo Ténéré. Hapo hakuna la kuongeza: mchanga, na mchanga tena, mamia ya kilomita. Ulikuwapo mgunga mmoja tu, uliokuwa alama ya njia kwenye ramani za majeshi na za misafara. Walipochimba kisima kando yake mwishoni mwa miaka ya 1930, walikuta mizizi yake imeshuka zaidi ya mita 30 kufuata maji. Mwaka 1973 dereva wa lori aliugonga. Jangwa lote lile, na akaugonga mti mmoja uliokuwepo! Mabaki yake yamehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa mjini Niamey, na mahali pake umesimikwa mti wa chuma.

Kati ya milima, uwanda na mchanga ndipo ulipo mji. Agadez ilikua katika karne ya 15 na ya 16 kama makao ya Sultani wa Aïr, na kazi ya sultani huyo haikuwa kutawala ardhi. Nani angeitawala? Kazi yake ilikuwa kusuluhisha makabila ya Kituareg yaliyogombana, na kuhakikisha msafara unaotoka kaskazini unafika kusini bila kuporwa. Alilipwa kwa ushuru wa wapitao. Msikiti mkuu wa mji ulijengwa mwaka 1515 na kujengwa upya mwaka 1844. Mnara wake una urefu wa mita 27, wa udongo mtupu, na boriti za miti zimechomoza pande zote. Boriti hizo ndizo ngazi ya mafundi wanapopanda kuukandika tena. UNESCO iliuingiza mji mkongwe katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2013.

Hoja ya sura hii ni kwamba utajiri wa Agadez haumo ardhini. Umo katika njia. Vilivyowalisha watu wa huko, tangu zamani hadi juzi, ni vitu vya watu wengine vilivyokuwa safarini. Na kila mtawala aliyeifunga njia, akidhani anaweka nidhamu, ameiacha nchi na njaa au na bunduki.

Shahidi wa kwanza tunamfahamu sisi wenyewe. Msafiri Ibn Battuta, aliyeshuka Kilwa mwaka 1331 na kumsifu sultani wake kwa ukarimu, alipita upande huu wa jangwa mwaka 1353, akiwa mtu mzima aliyechoka. Alifika Takedda, mji ambao wataalamu wengi wanaamini ulikuwa Azelik, si mbali na Ingall. Alikuta watu wakichimba shaba na watumwa wakiiyeyusha kuwa fimbo ndogo, nene na nyembamba, zilizotumika sokoni kama fedha. Lakini hata shaba ile ilikuwa na thamani kwa sababu ilisafiri, kuelekea Gobir na Borno. Naye alipoondoka kurudi Morocco alifuatana na msafara uliokuwa na wajakazi 600. Jambo hilo analiandika kwa wepesi, kama mtu anayetaja idadi ya mizigo, na msomaji wa Pwani atakumbuka kwamba njia za jangwani na njia za bahari zilibeba bidhaa ileile.

Dini nayo ilipita hapo na kuacha wanazuoni. Jibril ibn Umar, mwanachuoni wa Kituareg, ndiye aliyekuwa mwalimu wa Uthman dan Fodio, na mwanafunzi huyo, kwa jihadi aliyoianza mwaka 1804, aliunda dola la Sokoto lililoitikisa nchi yote ya Wahausa. Mara nyingi husimuliwa kwamba elimu ilitoka mijini ikaenda jangwani. Hapa ilikwenda kinyume.

Lakini nikitakiwa kuchagua jambo moja la kueleza Aïr ilivyoishi, nitachagua chumvi. Mashariki kabisa ya Ténéré, kwenye mstari wa chemchemi unaoitwa Kaouar, upo mji wa Bilma, na kabla yake Fachi. Wakazi wake, Wakanuri na Watubu, huchimba mashimo ambamo maji ya chini hujaa na kukaushwa na jua. Tabaka la chumvi likijiunda juu huvunjwa, likazama, likajiunda jingine. Safi huliwa na watu. Ile chafu zaidi, yenye magadi na udongo, hushindiliwa katika magogo ya mtende yaliyochongwa ndani, ikatoka imesimama kama pia kubwa. Hiyo ni ya kulambwa na mifugo. Bilma ina chumvi na tende, haina nafaka. Nchi ya Wahausa, kusini, ina nafaka na mifugo isiyo na chumvi. Waliokuwa katikati, wenye ngamia na wasio na kimojawapo cha hivyo viwili, ni Watuareg wa Aïr, hasa Kel Ewey.

Wakaifanya kazi hiyo mwaka mzima, kama duara. Mvua ikisha, mnamo Oktoba, waliondoka Aïr na uwele wa kubadilishana, na juu ya kila ngamia wakafunga matita ya majani makavu, kwa kuwa Ténéré haina hata unyasi wa kumlisha mnyama. Baadhi ya matita yaliachwa njiani, yakasubiri safari ya kurudi. Wa kuyaiba hakuwepo. Kiongozi wa msafara, madugu, aliongoza kwa nyota usiku na kwa mikunjo ya mchanga mchana. Walitembea saa kumi na nne au zaidi kwa siku, wakila huku wanatembea, kwa kuwa ngamia aliyebebeshwa akisimamishwa hupiga magoti na kumpakia upya ni kupoteza nusu siku. Bilma walibadilisha uwele kwa chumvi na tende. Wakarudi Aïr, wakapumzika kidogo, kisha wakashuka Zinder, Katsina na Kano. Huko waliuza chumvi, wakanunua uwele na vitambaa vya nili, na wakakaa miezi ya baridi: ngamia wakila mabua mashambani, mkulima wa Kihausa akipata samadi bure. Kabla mvua hazijaanza walipanda tena nyumbani.

Maofisa wa Kifaransa walioingia mwanzoni mwa karne ya 20 waliandika juu ya misafara ya ngamia 20,000 kwa mara moja. Ebu fikiri ni mfumo gani huo: kilimo cha nchi moja, ufugaji wa nyingine na madini ya tatu vikiunganishwa na watu wasiomiliki chochote kati ya hivyo ila uwezo wa kuvuka.

Uwezo huo ulijenga jamii yenye ngazi zake, na si ngazi za kusifiwa zote. Juu walikuwa mashujaa wa ukoo bora, kisha vibaraka wao, watu wa dini, wahunzi, na chini kabisa watumwa na wazao wao, ambao ndio waliolima bustani za tende kwa niaba ya mabwana. Niger iliufanya utumwa kosa la jinai mwaka 2003 tu, na mtu mwenye asili hiyo bado hukumbushwa wakati wa posa. Wahunzi, kwa upande wao, hudharauliwa na kuogopwa kwa pamoja. Ndio wanaosubu fedha kuwa ile nakshi maarufu ya msalaba wa Agadez, ambayo leo huuzwa hadi Paris. Mwanamume wa Kituareg hufunika uso kwa kilemba, mwanamke haufuniki. Hema ni mali ya mke, aliyokuja nayo, na ndoa ikivunjika mume ndiye anayetafuta pa kulala. Ni Waislamu wa karne nyingi, na mashekhe wao wamelijadili jambo hilo bila kulibadilisha. Mjini utakuta pia Wahausa walioshika maduka, Waarabu wachache wenye mtaji wa masafa marefu, na Watubu wa mashariki ambao hakuna dereva anayethubutu kuvuka Kaouar bila wao. Lugha ya soko ni Kihausa.

Wafaransa walipotaka kuzihesabu na kuzitawala njia hizo, waliwachukua ngamia wa watu kwa ajili ya vita vyao. Desemba 1916 Kaocen, kiongozi wa Kituareg aliyeungana na Wasanusi wa Libya, aliuzingira mji wa Agadez akiwa na mzinga, na Sultani Tagama akamuunga mkono. Walishikilia takriban miezi mitatu. Jeshi la msaada lilipofika Machi 1917, Wafaransa walilipa kisasi kwa kuwaua wanazuoni wa mjini, watu waliokuwa na kalamu na tasbihi. Kaocen aliuawa kule Murzuk mwaka 1919. Familia nyingi zilihamia Nigeria, na vijiji vya Aïr vikabaki vitupu kwa miaka.

Baadaye yakaja malori, ikaja chumvi ya bahari iliyo rahisi, na ngamia wakaanza kuwa kazi ya wazee.

Sasa tuje kwenye kile ambacho wengi huanza nacho wanapoitaja Niger. Mwishoni mwa miaka ya 1950 wanajiolojia wa Kifaransa walikwenda Azelik kutafuta shaba, ileile ya Ibn Battuta, wakakutana na urani. Utafiti ukasogea kaskazini hadi mahali pasipo na mji, na mji ukajengwa: Arlit. Kampuni ya Somaïr iliundwa mwaka 1968 na kuanza kuzalisha mwaka 1971, kwa shimo la wazi. Cominak ikafuata, na mgodi wake wa Akouta, uliokwenda chini mita 250 hivi, ukawa miongoni mwa migodi mikubwa kabisa ya urani ya chini ya ardhi duniani. Bei ya mafuta ilipopanda mwaka 1973, bei ya urani ikapanda nayo. Rais Diori Hamani alikuwa katikati ya mazungumzo na Wafaransa juu ya mgawo wa Niger alipopinduliwa Aprili 1974.

Kwa miaka michache Arlit ilikuwa na pesa, na watu waliiita Paris ya pili. Wakaja Wabenin, Watogo, Waburkinabe. Lami ikawekwa kutoka Tahoua hadi Arlit, na kituo cha umeme wa makaa ya mawe kikajengwa karibu na Tchirozérine kuendesha mitambo ya migodi. Halafu miaka ya 1980 bei ikaanguka, na waliokuja wakaanza kuondoka.

Nikitazama hesabu, naona urani ndiyo mali pekee ya mkoa huu ambayo haikuhitaji mtu wa mkoa huu. Chumvi haikuweza kufika Kano bila Mtuareg. Urani ilihitaji mwekezaji, mtambo, na lori la kuipeleka bandari ya Cotonou. Mwenyeji aliajiriwa kubeba na kulinda. Taa za Ufaransa ziliwaka kwa sehemu fulani kutokana na mwamba wa Arlit, huku nchini Niger watu wasiofika mmoja kati ya watano wakiwa na umeme. Migodi ilikunywa maji ya kale ya mwamba wa Tarat, ambayo mvua ya sasa haiwezi kuyarudisha. Greenpeace ilipopima mwaka 2009 ilikuta mionzi iliyozidi kiasi katika mitaa ya Akokan, mji wa wafanyakazi, na mabomba chakavu ya mgodini yamewahi kuuzwa sokoni, yakaishia majumbani. Akouta ilifungwa Machi 2021 baada ya kutoa tani zipatazo 75,000 za urani. Kilichobaki ni kilima cha mabaki ya mamilioni ya tani, kinachopigwa na upepo.

Ukame wa miaka ya 1968 hadi 1974, na tena wa 1984, uliua mifugo kwa kiasi kwamba wafugaji wengi hawakuinuka tena. Vijana walikwenda Algeria na Libya kutafuta vibarua. Baadhi walivishwa sare katika vikosi vya Gaddafi. Walirudi na gitaa na bunduki. Gitaa limeipa dunia wanamuziki Bombino na Mdou Moctar. Bunduki ilileta uasi wa 1990 hadi 1995, na mwingine wa 2007 hadi 2009, ambao kati ya madai yake lilikuwemo hilohilo la mgawo wa urani. Katikati ya vita viwili ilikuwapo biashara ya watalii: ndege za kukodi kutoka Paris zilitua Agadez moja kwa moja, na madereva waliojua mchanga walipata kazi nzuri. Mwaka 2007 ndege zikakoma.

Madereva wakabaki na magari, na ujuzi. Gaddafi alipoanguka mwaka 2011, mpaka wa Libya ukabaki bila mwenyewe, na abiria wakawa wengi: Wanigeria, Wagambia, Wasenegal, wanaokwenda kufanya kazi Libya na wanaotaka kuvuka bahari. Agadez ikarudia kazi yake ya zamani. Walikuwapo madalali wa kupokea watu stendi, wenye nyumba za kuwalaza, wauza madumu ya maji yaliyoviringwa magunia ili yapoe, wauza miwani na vilemba vya vumbi. Pikapu za Toyota zilibeba watu hadi thelathini, kila mmoja kakaa ukingoni na fimbo katikati ya miguu, imechomekwa kwenye mizigo asidondoke. Ziliondoka hadharani, nyingi zikiufuata msafara wa jeshi wa kila wiki kuelekea Dirkou, kule Kaouar. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM, liliwahesabu zaidi ya watu 300,000 waliopita kuelekea kaskazini.

Haikuwa njia salama. Oktoba 2013 miili 92 iliokotwa kaskazini mwa Arlit, karibu na mpaka wa Algeria, 52 kati yake ya watoto. Magari yao yaliharibika, na kiu ikafanya kazi yake. Serikali ilipitisha sheria namba 2015-36 Mei 2015 dhidi ya usafirishaji wa wahamiaji, Umoja wa Ulaya ukiwa nyuma yake kwa ahadi za fedha. Katikati ya 2016, Mohamed Bazoum akiwa waziri wa mambo ya ndani, ikaanza kutekelezwa: magari yakakamatwa, madereva wakafungwa. Abiria walikuwa raia wa Jumuiya ya Afrika Magharibi, ECOWAS, wenye haki ya kuingia Niger bila viza. Mtu huyohuyo alikuwa mgeni halali stendi ya Niamey, akawa mzigo wa magendo kaskazini mwa Agadez.

Safari hazikukoma. Zilihama. Dereva anayeogopa doria hawezi kupita kwenye visima, kwa kuwa doria hukaa visimani. Akipata habari kwamba askari wako mbele, huwaacha abiria mchangani akakimbia. Nauli ilipanda kwa sababu hatari ilipanda. Mjini, fedha za Ulaya za kuwapa watu kazi nyingine ziliwafikia wachache, na kwa kuchelewa. Mtu aliyekuwa na gari mbili aliambiwa afuge kuku. Wengine walikimbilia dhahabu, iliyokuwa imegunduliwa Djado mwaka 2014, mpaka serikali ilipowafukuza huko mwaka 2017. Wanaoitetea sheria ile hutaja idadi ya wahamiaji iliyopungua kwenye vituo vya kuhesabia. Sishangai ipungue, maana vituo viko barabarani, na watu walikuwa wameondolewa barabarani.

Julai 2023 wanajeshi walimpindua Bazoum, aliyekuwa sasa rais. Novemba mwaka huo serikali ya Jenerali Tiani iliifuta sheria ya 2015, na Agadez ikashangilia, hata watu wasiowapenda wanajeshi. Pikapu zikarudi hadharani. Urani ndiyo iliyokwama: mpaka wa Benin ulifungwa baada ya mapinduzi, na mapipa yakarundikana Arlit kwa kukosa njia ya kwenda Cotonou. Juni 2024 kampuni ya Orano ya Ufaransa ilinyang'anywa kibali cha Imouraren, mojawapo ya akiba kubwa za urani duniani, na Juni 2025 Niger ikatangaza kuitaifisha Somaïr, ambayo Orano ilikuwa na asilimia 63.4 ya hisa zake. Uamuzi huo ulipigiwa makofi, na mimi naona sababu ya makofi. Ila ile lami ni ileile, na mnunuzi yuko ng'ambo ya mpaka.

Wakati huohuo njia inaleta watu kutoka upande wa pili. Algeria huwakamata Waafrika walioko mijini kwake, huwapakia malori hadi jangwani, na wasio raia wa Niger huwashusha mahali panapoitwa Pointi Sifuri. Kutoka hapo wanatembea kilomita kama 15 hadi Assamaka, kijiji cha mpakani ambacho mara nyingi huwa na wageni wengi kuliko wenyeji. Kwa mwaka 2024 peke yake waliorudishwa walizidi 30,000. Baadhi huandikishwa na IOM wakasubiri, wiki au miezi, kurejeshwa makwao. Wengine hushuka Arlit au Agadez, hubeba zege, huosha vyombo hotelini, na nauli ikitimia humtafuta dalali.